Geti la Hoteli Limetoka Wapi?

Wiki iliyopita nilisachiwa mara mbili kwa siku moja, kwenye geti moja, na soja yule yule mmoja.

Nilikuwa nimepata kazi ndogo ya kupiga video kwenye harusi ya wageni ufuoni, hapa hapa Watamu. Hoteli sitaitaja, maana hii stori si ya hoteli moja. Nimefika getini na begi langu, likafunguliwa lote: kamera, stendi, maikrofoni, betri tatu, fulana ya kubadilisha, na mahamri manne ambayo mama alinifungia kwenye gazeti. Kitambulisho kikachukuliwa, namba ikaandikwa kwenye kile kitabu kikubwa cha jalada gumu. Nikaambiwa nisimame kando, ndani waulizwe kwanza. Nikakaa dakika ishirini chini ya mkilifi.

Nikiwa pale wakapita wazee wawili Wataliano wakitoka matembezini, mmoja ana begi la mgongoni kubwa kuliko langu. "Ciao, ciao." Soja naye akawajibu Kitaliano chake safi, akacheka nao kidogo, wakaingia. Hakuna zipu iliyofunguliwa.

Baadaye nikatoka mara moja kununua chaji dukani. Kurudi, begi lile lile, mkono ule ule, betri zile zile tatu. Nikamwambia, "Kaka, si umeniona saa hii?" Akaniangalia kama mtu aliyechoka. "Mdogo wangu, si mimi. Ni kazi."

Nilirudi nyumbani na posti ya hasira tayari kichwani. Lakini mimi nina baba mdogo ambaye ni soja. Analinda usiku, nyumba za wageni, mwaka wa kumi na mmoja sasa. Nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kitu kimoja tu: "Kwani unajua hiyo kazi ya kusachi watu ilianza lini hapa kwetu?"

Sikujua. Na mimi ndiye huwa nawaambia watu hapa tujue historia yetu. Kwa hiyo posti ya hasira nikaiweka, nikakaa chini na kusoma. Niliacha chuo mwaka wa pili, msinitarajie niandike kama profesa. Nitawaambia nilichokipata na ninavyokiona.

Tuanze mbali kidogo, halafu tutakimbia.

Wengi wenu mmepelekwa Gede na shule, mkapiga picha na nyani, mkarudi. Ukirudi tena, angalia kuta. Mji ule ulikuwa na ukuta wa nje na ukuta wa ndani. Ndani kabisa kulikuwa na jumba la mfalme, msikiti mkuu na nyumba za mawe za matajiri. Nyumba za udongo na fito za watu wa kawaida zilikuwa huku nje ya ule ukuta wa ndani. Mji ukahamwa miaka ya mwanzo ya 1600 na msitu ukaumeza. Lakini wazo la geti ndani ya geti, na wewe wa udongo kukaa katikati, ni la zamani kuliko hoteli yoyote hapa.

Kaya za Wamijikenda nazo zilikuwa na malango yake. Mpaka leo ukienda kaya unavua viatu, unafuata masharti ya wazee, unaingia na mwenyeji. Hiyo nayo ni ukaguzi. Tofauti ni kwamba pale masharti ni ya kila mtu, hata waziri anavua viatu.

Halafu Aprili 1498 akaja Vasco da Gama Malindi. Hii inanichekesha kila nikiisoma. Tunamjengea historia kama mgeni wa kwanza wa Kizungu kupokewa vizuri pwani yetu, mnara wake upo mpaka leo, lakini mwenyewe alikataa kushuka! Alikuwa ametoka kukorofishana na watu huko Mombasa. Mwenyeji wa Malindi akamkaribisha mjini, yeye akasema bwana wake hakumruhusu kushuka nchi kavu. Wakakutana baharini, kila mmoja kwenye chombo chake, na mizinga ya Mreno ikiwa nyuma yake. Yaani mtalii wa kwanza ndiye aliyekuwa na silaha, na ndiye aliyekuwa na wasiwasi.

Kuhusu bunduki zenyewe, nani awe nayo na nani asiwe nayo pwani hii, hilo liliamuliwa mbali. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikaa Brussels yakaweka mkataba. Ulihusu kumaliza biashara ya watumwa, na hilo lilikuwa jambo jema, lakini ndani yake mlikuwa na marufuku ya kuingiza bunduki za kisasa sehemu kubwa ya Afrika. Dola zenyewe zikabaki nazo. Miaka mitano baadaye Waingereza wakapigana na Wamazrui, vita vilivyoanzia ugomvi wa nani atawale Takaungu, na wakaleta askari mpaka kutoka India. Na Agosti 1914, wakati wa vita vya Wagiriama, serikali ya kikoloni ikalipua Kaya Fungo kwa baruti. Huo mlipuko wa kwenye lango ulitokea katika hii hii Kilifi yetu, miaka 88 kabla ya ule ambao nataka kuwaambia, na waliolipua walikuwa serikali.

Sasa tufike kwenye hoteli.

Baba mdogo anasema alipokuwa kijana mageti ya hoteli yalikuwepo, lakini yalikuwa ya kuzuia wezi na wachuuzi. Soja alikuwa na rungu na tochi, basi. Hakuna aliyeinama chini ya gari na kioo. Hakuna kile kidude cha kupiga bip kwenye mkanda wa suruali. Mtu alipitisha samaki, madafu, vinyago. Ukijulikana unaingia, usipojulikana unafukuzwa.

Si kwamba Kenya haikuwa imeshambuliwa. Usiku wa mwisho wa mwaka 1980 bomu lililipuka hoteli ya Norfolk, Nairobi, watu wapatao 20 wakafa. Na aliyeliweka alikuwa mgeni. Alichukua chumba, akaliacha bomu chumbani, akaondoka zake. Geti la kuzuia wachuuzi lingemfanya nini mtu kama huyo? Angefunguliwa mlango na kubebewa begi.

Tarehe 7 Agosti 1998 ikaja ubalozi wa Marekani, Nairobi. Kuna kitu kidogo pale ambacho sikuwahi kufundishwa shuleni. Lori la bomu lilipofika upande wa nyuma, walinzi wa pale, Wakenya wa kampuni ya ulinzi wasiokuwa na bunduki, walikataa kufungua kizuizi. Wale watu wakatoa silaha, wakarusha guruneti, na walinzi bado hawakufungua. Lori likalipukia nje. Watu zaidi ya 200 walikufa, wengi wao Wakenya waliokuwa jengo la jirani na barabarani, kwa hiyo siwezi kuwaambia geti lilishinda. Lakini fikiria lile lori lingeingia mpaka chini ya jengo. Siku hiyo hiyo Dar es Salaam, gari la kubeba maji lilikuwa pale pale getini kwa ubalozi na likalizuia lori la pili lisiingie. Waliokufa kule ni 11, na kati yao kulikuwa na walinzi wa geti.

Hapo ndipo nilianza kunyamaza kidogo kuhusu begi langu.

Kisha Kikambala.

Alhamisi, tarehe 28 Novemba 2002, asubuhi. Mimi nilikuwa hata sijaanza kutembea vizuri. Hoteli ya Paradise, Kikambala, hapo kwenye barabara ya kwenda Mombasa, mwenyewe alikuwa Muisraeli na wageni wake wengi walitoka Israeli. Kundi jipya lilikuwa ndiyo limefika kutoka uwanja wa ndege. Kama kawaida ya hoteli za pwani, kulikuwa na wachezaji ngoma wa kuwapokea. Mnajua ile: wasichana na hando, ngoma, shanga, nyimbo za kukaribisha, mgeni anapewa dafu. Kuna wengi mnaosoma hapa ambao dada zenu, shangazi zenu, wamefanya kazi hiyo. Ni kibarua kama kibarua kingine, unalipwa kwa siku.

Gari aina ya Pajero likaja, likazuiwa getini, halafu likavunja kizuizi na kuingia kwa nguvu mpaka mbele ya mapokezi, likalipuka. Paa lilikuwa la makuti. Mnajua makuti yanavyowaka.

Karibu wakati huo huo huko Mombasa, watu wengine walirusha makombora mawili kulenga ndege ya shirika la Arkia iliyokuwa ndiyo inapaa kwenda Israeli na abiria zaidi ya 250. Yakaikosa. Dunia nzima siku hiyo iliandika kuhusu ndege, kwa sababu lilikuwa jambo geni, kombora la begani dhidi ya ndege ya abiria. Naelewa. Lakini Kikambala waliuawa watu 13, ukiacha walipuaji wenyewe: Waisraeli watatu, wawili kati yao watoto, na Wakenya 10. Na kati ya hao Wakenya ndimo walimo wachezaji ngoma.

Sasa rudia hizo namba polepole. Bomu lililenga wageni. Walioliwa zaidi ni wenyeji waliokuwa wanawaimbia.

Nimeuliza vijana wa rika langu hapa Watamu, kumi hivi, swali rahisi tu: Kikambala 2002 kulitokea nini? Watatu walijua. Mmoja alisema ni ajali ya basi. Siwalaumu, hata mimi nilikuwa najua nusunusu. Lakini hiyo ndiyo siku iliyozaa kile kioo cha chini ya gari. Baada ya hapo hoteli za ukanda wetu zikaanza kuweka vyuma vya kuinua na kushusha, kuta zikapanda, mageti yakasogezwa mbali na mapokezi, vitabu vya kuandikisha vikaja. Ukiona hoteli ambayo njia ya kuingilia imepindapinda na ina matuta mengi, usidhani fundi alilewa. Ni ili gari lisipate mbio.

Kesi ya mauaji ilipofika mwisho mwaka 2005, washtakiwa waliachiliwa huru. Aliyetajwa kuwa mpangaji mkuu, Fazul Abdullah Mohammed wa Komoro, alikuwa ameishi kati yetu kabisa. Alikaa Siyu, kisiwa cha Pate, akaoa huko, akafundisha madrasa. Agosti 2008 polisi walivamia nyumba Malindi wakimtafuta, wakamkosa. Malindi hapo, mwendo wa matatu moja kutoka kwangu. Mnajua alivyoishia? Juni 2011, Mogadishu, usiku, gari lake lilipotea njia likafika kwenye kizuizi cha askari wa serikali ya Somalia. Wakalisimamisha. Ikawa risasi, akafa. Majasusi wa nchi ngapi walimtafuta miaka 13, akaja kukamatika kwenye kizuizi cha barabarani na maaskari ambao hata hawakumjua ni nani.

Kwa hiyo mtu akiniambia kusachi hakuna maana, siwezi kukubaliana naye tena. Kuna maana. Swali langu ni jingine: tunamsachi nani, na yule anayesachi tumempa nini?

Turudi Mombasa, Mei 2012. Klabu ya Bella Vista, usiku. Watu walifika mlangoni, walinzi wakawazuia, wao hawakutaka kupekuliwa. Wakarusha maguruneti na kufyatua risasi. Aliyekufa pale ni mlinzi mwanamke. Mwanamke wa watu, aliyekuwa kazini usiku kwa mshahara ambao nyote mnaujua, mikono yake ndiyo ilikuwa ukuta kati ya guruneti na watu waliokuwa wanacheza ndani. Ndani waliokoka karibu wote. Hakuna klabu pwani hii iliyopewa jina lake, na mimi mwenyewe nimecheza muziki klabu nyingi nikimnung'unikia dada wa mlangoni kwa kunichelewesha.

Septemba 2013 ikaja Westgate, Nairobi. Pale waliofika mlangoni hawakuja kuficha kitu, walikuja wakipiga risasi. Walinzi wa kupima mabegi hawakuwa na la kufanya. Watu 67 waliuawa. Na hapa ndipo mjadala wa bunduki ulipopata nguvu Kenya, kwa sababu waliotangulia kuingia kuokoa watu hawakuwa kikosi kikubwa cha serikali. Walikuwa polisi wachache wasio na sare na raia wenye bastola za leseni, kina Abdul Haji, ambaye picha yake na bastola mkononi ilizunguka dunia. Waliokoa watu wengi, nawavulia kofia. Tangu siku hiyo kila shambulizi likitokea utasikia mtu redioni: wapeni walinzi bunduki! Raia wema wabebe bastola!

Kuna mfuasi wangu mmoja anaishi Marekani, nilipoweka ile video fupi ya geti akaandika, "Ndugu, hata huku Disney wanatusachi." Nikafuatilia. Kweli. Desemba 2015 Disney World, Universal na SeaWorld, zote za Orlando, Florida, ziliweka mashine za kupima chuma kwenye malango. Disney wakaacha hata kuuza bunduki za kuchezea watoto ndani ya viwanja vyao. Kwa nini? Kwa sababu Florida bastola ya halali imejaa mitaani. Tangu Julai 2023 mtu mzima asiye na makosa anaweza kuificha kiunoni bila hata leseni ya kuibeba. Kwa hiyo mwenye uwanja wa michezo anasema: nje ya geti langu fanya sheria inavyokuruhusu, ndani hapa kwenye watoto, hapana, hata uwe na karatasi gani.

Huko wanatafuta bastola ya mwananchi wa kawaida. Hapa kwetu mwananchi wa kawaida hana bastola. Bunduki Kenya iko chini ya Sheria ya Silaha, sura ya 114, unaomba leseni kwa bodi, na wanaoipata si kina mimi na wewe. Desemba 2018 serikali iliwaita wote wenye leseni wakaguliwe upya, kwa sababu bunduki zilikuwa zimefika mikononi mwa watu wasiostahili. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2020, DJ alipigwa risasi ya shingo ndani ya klabu moja ya Nairobi. Mbunge mwenye bastola ya leseni akashtakiwa. Shtaka la kujaribu kuua likaja kuondolewa, na lile la kutumia bastola vibaya mahakama ikamwachilia. Sizungumzii hukumu, mahakama imesema. Nauliza tu kuhusu mlango: klabu ile nayo ina watu wa kupekua. Ile bastola iliingiaje?

Iliingia kama ule mkoba wa Mtaliano ulivyoingia. "Karibu mheshimiwa." Ndiyo kusachi kwetu kulivyo. Mkono unateremka kutegemea unamtazama nani. Mheshimiwa ana bastola ya kweli na hapapaswi. Mzungu ana begi na halifunguliwi, na mimi nimewaambia ya Norfolk, kwamba mgeni aliyelipia chumba ndiye aliyeacha bomu. Halafu kijana wa Gede au wa Mida mwenye betri tatu na mahamri anasachiwa mara mbili. Mtu akikuambia hiyo ni usalama, mwambie hesabu haikubali. Mbinu za hawa jamaa tangu 1980 ni kuingia kama mgeni, kuvunja kizuizi na gari, au kuja na bunduki waziwazi. Hakuna hata moja ambayo unaizuia kwa kumkazia macho mtoto wa kijijini.

Na hasara yake si hasira zangu tu. Mei 2014 Uingereza ilipowaambia watu wake wasije Mombasa, kutoka kijito cha Mtwapa mpaka Tiwi, na wageni wakachukuliwa na ndege kabla likizo kwisha, Watamu haikuwa hata ndani ya mstari ule. Lakini mgeni wa London hajui Mtwapa iko wapi na Watamu iko wapi. Nilikuwa shule ya msingi, nakumbuka wazazi wa wenzangu wakirudi nyumbani mmoja mmoja: mpishi, dobi, mtu wa bustani. Kila bomu likilipuka wa kwanza kulala njaa ni sisi. Kwa hiyo hakuna mtu duniani anayetaka hoteli ya Watamu iwe salama kuliko mtu wa Watamu. Sisi ndio macho. Yule soja anajua kila bodaboda, kila muuza samaki, anajua gari geni likiegeshwa mara ya pili. Ukimfanya adui wa watu wake mwenyewe, hao watu wataacha kumwambia walichokiona.

Halafu kuna wale ambao hawana geti kabisa. Novemba 2018, Chakama, bara ya Malindi huko, watu wenye bunduki waliingia kituo cha biashara jioni, wakafyatua risasi, wakajeruhi watu, wakamchukua Silvia Romano, binti wa Kitaliano wa miaka 23 aliyekuwa anajitolea na watoto. Alikaa mikononi mwao miezi 18, mpaka Mei 2020. Hakuwa kwenye hoteli yenye kuta. Alikuwa anaishi kama wanavyoishi watu wa Chakama, na watu wa Chakama hawana mtu wa kuwawekea chuma barabarani.

Sheria inasema nini? Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inakupa haki ya faragha, usipekuliwe wewe wala mali yako ovyo. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi, na rangi imetajwa humo. Upande wa pili, Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi wa Kibinafsi ya 2016 inamruhusu mlinzi wa geti akuulize kitambulisho na akuandikishe. Vyote viwili vinaweza kukaa pamoja. Mlinzi afungue begi langu, sawa. Afungue na la mzee wa Kitaliano, na la mheshimiwa, kwa adabu ile ile. Airport Malindi tunavua mikanda wote, Mtaliano na Mgiriama, na sijawahi kusikia mgeni amekasirika akarudi kwao.

Kuhusu kumpa soja bunduki, nilimuuliza baba mdogo mwenyewe, maana yeye ndiye angeibeba. Sheria yetu haiwapi walinzi wa kampuni bunduki, na wengi mnaona ni kumdharau. Alicheka. Akaniuliza kama nimewahi kusikia Likoni.

Agosti 1997, kabla ya uchaguzi, vijana wenye silaha za jadi walivamia kituo cha polisi Likoni. Waliua polisi, wakachukua bunduki, halafu zile bunduki ndizo zilizotumika siku zilizofuata kufukuza na kuua watu waliotoka bara. Walianza na kituo kwa sababu ndiko bunduki zilikokuwa. "Sasa mimi," akasema, "niko peke yangu usiku, nyumba iko mwisho wa njia, msitu wa Arabuko uko kule, bahari iko huku. Ukinipa bunduki umewaonyesha watu iko wapi."

Halafu akanieleza kitu ambacho sikukifikiria kabisa. Westgate, siku ya kwanza, afisa wa kikosi maalumu cha polisi aliuawa na risasi ya wanajeshi wa nchi yake mwenyewe. Wote wamefunzwa, wote wana redio. Baba mdogo mafunzo yake yalikuwa ya siku chache, na redio hana, ana simu yake mwenyewe na anajiwekea salio mwenyewe. Mtu mweusi na bunduki usiku kwenye shambulizi, polisi wakifika, nani atawaambia huyu ni soja?

Anachotaka, amenitajia bila hata kufikiri: kengele inayofika polisi moja kwa moja. Mwenzake wa pili wa zamu. Bima, ili akifa pale getini watoto wasiende kuchangishiwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Na barua kutoka kwa tajiri, yenye muhuri, inayosema kila anayeingia afunguliwe begi. "Kila anayeingia. Iandikwe. Kwa sababu nikimfungulia mzungu begi leo bila hiyo barua, kesho niko nyumbani."

Ile posti ya hasira nimeifuta. Yule soja wa getini nilimtafuta Jumapili, nikamkuta anakunywa chai kwa mama mmoja pale Gede stendi. Nikamlipia. Nikamuuliza wakimwajiri walimwambia nini kuhusu wageni. Akasema aliambiwa na msimamizi siku ya kwanza: hawa wasisumbuliwe. Kikambala alikuwa anaijua vizuri kuliko mimi. Mke wa jirani yao alikuwa mchezaji ngoma.

Nimemuomba nimrekodi akisimulia, akasema akipata ruhusa, na sote wawili tunajua hataipata. Baba mdogo anaingia zamu leo saa kumi na mbili. Ameniomba betri moja kati ya zile tatu, tochi yake imeanza kufifia.